Mwegamo: Jina la Baiskeli Isiyo na Tandiko

Kuna baiskeli isiyopandwa. Mwenyewe huikalia kama kiti cha barazani: mgongo nyuma, miguu imenyooshwa mbele, pedali zimeinuka kuliko kitako chake, na mikono iko ubavuni imeshika usukani uliotokea chini ya kiti. Magurudumu ni matatu, kwa hiyo ikisimama haimwangushi mtu. Wazungumzaji wa Kiingereza huiita traiki ya rikambenti. Kwa Kiswahili nimeisikia ikiitwa baiskeli ya kulala, na tangu siku hiyo jina hilo linanikera, kwa sababu linampotosha msikilizaji kabla hajakiona chombo. Anayelala amepumzika. Huyu anakanyaga, tena kwa nguvu, maana mgongo wake umepata pa kujikita.

Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, kitenzi recumbere, ambacho Warumi walikitumia hata kwa mtu aliyejinyoosha kwenye kochi akila chakula. Si usingizi, basi. Ni namna ya kukaa. Kiswahili kina kitenzi cha mahali hapo hapo: kuegama. Tusikichanganye na kuegemea, kinachodai kitu cha kuegemewa, iwe ukuta, nguzo au bega la mtu. Kuegama ni mkao wenyewe, kama kuinama, kusimama na kuchutama. Ile -ama ya mwishoni ndiyo inayotuambia kwamba mwili umekaa namna fulani na umetulia hapo. Kusimama kumetupa msimamo, kuinama kumetupa mwinamo, na kuegama kunatupa mwegamo bila kulazimisha chochote. Baiskeli mwegamo. Kwa mkato, mwegamo. Ikiwa mingi, miegamo. Nomino mbili zilizokaa pamoja bila kiungo si ugeni kwetu, ndizo zilizotupa kitimwendo.

Idadi ya magurudumu ni suala jingine. Nchini Tanzania, ukitaja baiskeli ya miguu mitatu wengi wataiona ile ya mtu mwenye ulemavu wa miguu, inayozungushwa kwa mikono. Jina hilo lina wenyewe na ni haki yao kubaki nalo. Isitoshe, miguu mitatu haisemi ni upi uko wapi, na hapo ndipo tabia ya chombo inapoamuliwa. Gurudumu moja likiwa mbele na mawili nyuma, Waingereza huuita mpangilio huo delta, kwa umbo la herufi ya Kigiriki. Sisi tunayo bajaji, inapita mlangoni kila siku. Tuseme mwegamo wa bajaji. Mawili yakiwa mbele na moja nyuma, wao huuita kwa jina la mtoto wa chura, na hapa naikubali picha yao jinsi ilivyo. Kiluwiluwi ana kichwa kipana na mkia mwembamba, na hata mtoto aliyechungulia dimbwi baada ya mvua anamjua. Mafundi wengi wanaounda miegamo kwa vipimo vya mteja huchagua kiluwiluwi, kwa kuwa ukifunga breki kwenye kona uzito hukimbilia mbele, na mbele kuna magurudumu mawili ya kuupokea.

Mkao huu si wa jana. Huko Paris, Charles Mochet aliunda magari madogo ya kukanyaga yenye magurudumu manne, akayaita Vélocar, kisha akaunda ya magurudumu mawili kwa mkao ule ule. Tarehe 7 Julai 1933, Francis Faure aliketi katika chombo hicho cha Mochet na kwa saa moja akaenda kilomita 45.055, akiipita rekodi ya Oscar Egg iliyodumu tangu 1914. Mwaka uliofuata, 1934, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, lilikitoa chombo cha aina hiyo katika mashindano yake. Naona uamuzi ule ulikuwa hasara kubwa. Baiskeli ya kawaida iliendelea kufanana dunia nzima, ila mwegamo ulibaki kwa karakana ndogondogo, kila fundi na umbo lake, kila sehemu na jina la pale pale ilipochomelewa.

Nasi tuna uhuru huo huo wa kutaja, na mimi naelekea pwani, kwa waunzi wa vyombo vya bahari. Tazama mwegamo wa kiluwiluwi kutoka juu. Bomba moja kuu limepita katikati, na kutoka hapo mikono miwili imetanuka kushoto na kulia kubeba magurudumu ya mbele. Nilifikiri kuiita mtambaapanya, boriti inayokingama chini ya paa, nikaacha, kwa sababu mtambaapanya una pa kulalia huku na huku, na mikono hii inaning'inia nje peke yake. Hayo ni matengo. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba ambao peke yake ungepinduka, na husimama baharini kwa matengo yanayotoka pande zote mbili. Kazi ya mikono ya mwegamo ni hiyo hiyo.

Mbele kabisa ya bomba kuu kuna kipande kinachochomoza kupita magurudumu, na pedali zimefungwa kwenye ncha yake. Jahazi lina mti unaochomoza hivyo omoni, nao huitwa dasturi. Dasturi ya mwegamo huingia ndani ya bomba kuu na kutoka, ikakazwa kwa bolti pale mguu wa mwendeshaji unapokaribia kunyooka. Mguu ukibaki umekunjwa sana magoti huuma. Ukinyooka hadi mwisho unapoteza nguvu.

Kwa kuwa pedali ziko mbele na gurudumu linaloendeshwa liko nyuma, cheni inasafiri urefu wote wa chombo. Inahitaji karibu cheni tatu za baiskeli ya kawaida zilizounganishwa, na njiani lazima ipite chini ya kiti bila kulegea wala kumchafua mtu. Inaongozwa na kigurudumu chenye mfereji. Hicho ni kapi, neno ambalo baharia hahitaji kufafanuliwa. Mirija ya plastiki huificha sehemu iliyobaki.

Usukani nauacha kwa mafundi magari, ambao fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele ili yapinde pamoja tayari wanaiita tairodi. Chombo kikikata kona, gurudumu la ndani hupita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima lipinde zaidi. Yakipinda sawa, moja litaburuzwa na tairi litalika. Georg Lankensperger, muunda magari ya farasi wa Munich, ndiye aliyebuni ufumbuzi wake, na Rudolph Ackermann akausajili Uingereza mwaka 1818. Dunia imeshika jina la aliyesajili.

Magurudumu ya mbele huwa madogo, mara nyingi ya inchi 20, kwa sababu mwegamo haulali kwenye kona kama baiskeli, na spoku fupi huvumilia zaidi kusukumwa kwa ubavu. Breki ni mbili, kila moja kwa gurudumu lake la mbele, na inahitajika nyingine ya kuegeshea, maana chombo kisichoanguka hakishindwi kuteremka chenyewe. Nyuma husimikwa bendera ndefu ili dereva wa lori amwone aliye chini ya dirisha lake. Pedali ziwe na kamba au kishikizo: unyayo ukiponyoka mwendoni unaweza kuvutwa chini ya tengo, na mguu unavunjika.

Limebaki neno la kuunda kwa vipimo vya mtu. Anayetaka kanzu ya kwake hushonesha, anayetaka nyumba hujengesha, na anayetaka chombo huundisha. Mwegamo wa kuundisha, kwa hiyo. Mteja akifika karakana, atasema: "Fundi, niundie mwegamo wa kiluwiluwi. Dasturi nipimie mguu huu wa kulia, ndio mrefu. Kapi liwe na beringi." Naye fundi, kabla hajakata bomba la matengo, atamuuliza mlango wa nyumba yake una upana gani.