Watu wa Ng'ambo na Haki ya Makazi

Soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Tarehe 5 Juni ya mwaka huo Seyyid Barghash bin Said, akiwa amebanwa na Waingereza na manowari zao, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Masimulizi mengi ya historia hukomea hapo, au huruka hadi tarehe 6 Aprili, 1897, siku ambayo Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa mbele ya sheria. Lakini mtu aliyechukuliwa kutoka Uyao au Umanyema akiwa mtoto, akasahau njia ya kwao na pengine hata lugha ya mama yake, alikuwa na swali ambalo mkataba na amri havikulijibu: alale wapi, na akifa nani atamzika?

Jibu moja lilitolewa na Wamisionari wa UMCA. Misheni hiyo ilihamia Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa wakakabidhiwa kwa Askofu Tozer. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, na huko watu waliookolewa baharini wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Shule ya wasichana ya hapo iliongozwa kwa muda mrefu na Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Kazi hiyo haifai kubezwa. Hata hivyo Mbweni palikuwa mahali pa kutunzwa. Kanuni zake zilitungwa na wenye misheni, na mkazi alikaa kwa hisani yao. Watu walio wengi zaidi hawakupita Mbweni. Walijitafutia wenyewe, nao walikwenda Ng'ambo.

Jina lenyewe laeleza mahali. Hori la maji ya chumvi liliutenga Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, na upande wa mashariki uliokuwa na nyumba za miti, udongo na makuti. Huko Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni na Mwembetanga walikaa waliokuwa watumwa pamoja na Wanyamwezi waliokuja kufanya kazi mashambani, Wangazija, Washihiri na wenyeji wa vijiji vya Unguja waliofuata riziki mjini. Si kweli, kama wengine wanavyodhani, kwamba Ng'ambo ilikuwa ya kabila moja au ya mafukara watupu.

Sasa yafaa tuitazame tena ile amri ya 1897, maana ndani yake mna kifungu ambacho hakitajwi sana. Mtumwa hakuwa huru kwa kupambazukiwa tu na siku ile. Ilimpasa aende mahakamani kuomba uhuru wake utambuliwe. Na akiisha kuupata, alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Kwa hiyo kibanda cha Ng'ambo hakikuwa kibanda tu. Kilikuwa ushahidi wa uhuru wa mwenyewe, na kukipoteza kulikuwa karibu sawa na kuupoteza uhuru huo.

Mtu asiye na ukoo aliupataje ukoo? Hapa ndipo utamaduni ulipofanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Jirani alikuwa ndugu wa kwanza. Desturi ya utani, iliyoenea bara katika njia za misafara, ilimpa mgeni watu waliowajibika kushughulikia maiti yake hata kama hawakuzaliwa naye. Vikundi vya ngoma navyo vilikuwa zaidi ya mchezo: aliyeingia alipata watu wa kula nao sikukuu, wa kumchangia akiugua na wa kumlilia. Wanawake waliokuwa wamevishwa kaniki na merikani, mavazi ya utumwa, walizivua wakajitanda kanga. Nao wengi walijenga nyumba zao wenyewe.

Nyumba hizo zilikuwa na jambo moja la pekee. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine, na baadhi ya viwanja vilikuwa wakfu. Hapo zamani mwenye kiwanja aliridhika na heshima ya watu waliokaa kwake. Wengi hawakulipa chochote, au walitoa kitu kidogo tu. Mji ulipokua na ardhi ikawa bidhaa, mambo yaligeuka. Katika miaka ya 1920 wenye viwanja walipandisha kodi, na asiyelipa akapelekwa mahakamani. Aliyeshindwa aliamriwa aihamishe nyumba yake, kana kwamba kuta za udongo zaweza kubebwa kichwani.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakakataa kulipa kodi ya kiwanja. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliokataa hawakuwa kabila moja, wala hawakuwa na asili moja. Mwenye nyumba aliyezaliwa utumwani, mchukuzi aliyetoka bara na mama muuza vyakula walikuwa na hoja moja: aliyejenga na kukaa ana haki katika pale anapokaa. Serikali ya Kiingereza, iliyozoea kuwapanga watu kwa makabila, ililazimika kutoa amri ya kuweka mpaka katika kodi hizo. Kwa maoni yangu huu ni ushindi unaostahili nafasi kubwa zaidi katika masomo yetu kuliko ule inaopewa.

Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Alizaliwa Fumba, kwa wazazi wenye asili ya bara, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Yeye na wenzake walifanya mazoezi Ng'ambo, na mambo ya mahakama na dhuluma waliyafanya mashairi. Mnyonge aliyeshindwa kesi asubuhi aliweza kusikia jioni kwamba kesi yake inajulikana.

Baadaye utetezi ulipata sura ya vyama. African Association ya Unguja iliundwa mwaka 1934, na wengi wa wanachama wake walikuwa watu waliotoka bara au wazazi wao. Mwaka 1948 wafanyakazi wa bandari, wengi wao wa bara vilevile, walianzisha mgomo ulioenea mji mzima. Katika siasa za miaka ya 1950 neno "mgeni" lilitumiwa kama silaha na pande zote, na baada ya Januari 1964 maelfu ya Wazanzibari wengine wakawa wao ndio wakimbizi, Mombasa, Dar es Salaam na Uarabuni.

Kodi ya kiwanja ilikoma mwaka 1964, ardhi ilipofanywa mali ya taifa. Miaka michache baadaye nyumba nyingi za udongo zilibomolewa ili kupisha majumba marefu ya Michenzani. Hori limejazwa na sasa ni barabara, lakini watu wa mjini bado huuita upande ule Ng'ambo.