Mbio Zisizoonyeshwa: Historia ya Mvuto wa Filamu ya Fast Five (2011)

Utangulizi

Aghalabu filamu ya mwendelezo huhukumiwa kabla ya kutazamwa. Wahakiki wengi huichukulia kuwa bidhaa tu, yaani hadithi iliyokwisha kusimuliwa ambayo inarudiwa kwa gharama kubwa zaidi ili faida ivunwe pale ilipovunwa kwanza. Hukumu hiyo haikosi msingi, lakini haielezi kwa nini baadhi ya miendelezo hupata mvuto ambao filamu asilia haikuwa nao. Makala haya yanaichunguza Fast Five, filamu ya tano katika mfululizo wa Kimarekani ulioanza na visa vya mashindano haramu ya magari mitaani. Inadaiwa hapa kwamba mvuto wake haukutokana na kuongezwa kwa kasi, bali na kubadilishwa kwa dhima ya mbio zenyewe.

Usuli

Filamu ya kwanza, The Fast and the Furious (2001), iliyoongozwa na Rob Cohen, ilichimbuka katika makala ya Ken Li kuhusu mashindano ya magari mjini New York, iliyochapishwa katika jarida la Vibe mwaka 1998. Kisa kilihamishiwa Los Angeles. Humo askari Brian O'Conner anajipenyeza katika kundi la Dominic Toretto kwa kuweka gari lake dau na kushindwa. Mbio ndizo zinazoamua hadhi ya kila mhusika.

Mwaka 2003 John Singleton aliupeleka mfululizo Miami bila Toretto. Mwaka 2006 Justin Lin aliupeleka Tokyo akiwa na wahusika karibu wote wapya. Filamu hiyo ya tatu iliingiza takriban dola milioni 159 duniani, mapato madogo kuliko ya zile mbili zilizoitangulia. Yamkini funzo lilikuwa kwamba mbio peke yake, hata zikibuniwa mtindo mpya, haziwezi kuubeba msuko. Mwaka 2009 Lin aliwarejesha wahusika wakuu wa awali, na mwaka 2011 akaiongoza Fast Five.

Mbio kama lugha ya undugu

Fast Five inawakusanya Rio de Janeiro wahusika kutoka filamu zote nne zilizotangulia: Vince wa kwanza, Roman na Tej wa pili, Han wa tatu, Gisele wa nne. Mkusanyiko huu unazaa kinaya ambacho mwendelezo pekee unaweza kukizaa. Han alikwisha kuonyeshwa akifa Tokyo, lakini matukio ya Rio yamewekwa kabla ya hayo. Hivyo mtazamaji wa mwaka 2011 alimwona Han akifanya mzaha huku akijua mwisho ambao Han mwenyewe hakuujua. Kinaya hicho kilidhoofika F9 (2021) ilipomrejesha akiwa hai.

Ushahidi mkuu umo katika mbio mbili. Katika mbio za kwanza, Dom na Brian wanakwenda kumshindania mgeni gari lake. Changamoto inatolewa, kisha kamera inaruka. Wawili hao wanaonekana wakirudi na gari walilolishinda. Tukio ambalo mwaka 2001 lingekuwa kilele sasa halistahili hata kuonyeshwa. Katika mbio za pili, marafiki wanne wanashindana usiku kwa magari ya polisi waliyoyaiba, na hizi zinaonyeshwa hadi mwisho. Dom anapunguza kasi na kumwachia ushindi Brian, ambaye anatarajia mtoto. Askari aliyepoteza gari mwaka 2001 sasa anapewa ushindi kama zawadi.

Kilele kinakamilisha mantiki hiyo. Magari mawili yanaliburura sefu kubwa barabarani yakiwa yamefungwa nalo kwa nyaya, na hakuna dereva awezaye kumwacha mwenzake nyuma. Mbio zimegeuka kazi ya shirika.

Hata hivyo, undugu huu una mipaka. Polisi wa Rio wanasawiriwa kwa wingi kama watumishi wa tajiri mhalifu Reyes, na vitongoji vya maskini ni mandhari ya kufukuzana. Elena, askari wa huko, ndiye mwenyeji pekee anayepewa nafasi ya maana. Wakazi ambao mitaa yao inavunjwa hawana kauli. Jamaa wanaosherehekewa ni wageni, na gharama ya sherehe inalipwa na wenyeji.

Hitimisho

Fast Five iliingiza takriban dola milioni 626. Takwimu hiyo haithibitishi ubora wa kisanaa, lakini inadai maelezo. Mwendelezo huu ulifaulu kwa kuigeuza kumbukumbu ya hadhira kuwa sehemu ya fani yake, kama msimulizi wa ngano anavyomtegemea msikilizaji anayemjua Sungura tangu utotoni. Uhakiki unaopima kila filamu peke yake hautaiona fani hiyo. Nao uhakiki unaoiona usisahau kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya undugu unaosimuliwa.