Kifaru cha Idd na Mpagazi wa Kariokor



Idd ikikaribia, watoto wa mitaa yetu ya Eastlands huanza kuhesabu pesa. Waulize wavulana wanataka nini: bunduki, ndege ya kivita, au kifaru cha kujengwa kwa vipande vya plastiki. Asiye na pesa hutafuta waya na kopo, akakata magurudumu kutoka kwa malapa yaliyokwisha, akajitengenezea chake. Hatukuja hapa kukataza mchezo. Twauliza tu: wewe unayemnunulia, waijua historia ya hicho kifaru?

Kifaru kiliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa. Bunduki za rashasha na seng'enge zilikuwa zimewazuia askari ndani ya mahandaki, basi Waingereza wakaunda gari la chuma lenye minyororo ili lipite juu ya handaki. Minyororo hiyo ndiyo mtoto anayoipanga kipande kwa kipande.

Sasa sikiza. Mwaka huohuo wa 1916, vita hivyohivyo vilikuwa huku kwetu, Waingereza wakiwafukuza Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Malori yalikwama matopeni. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Nani basi angebeba unga na risasi? Binadamu, kichwani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo likawa Kariokor. Ndiyo, Kariokor hii hii unayoijua kwa vyondo na nyama choma! Kariakoo ya Dar es Salaam nayo imepata jina hapo hapo. Na usidhani wote walijitolea: mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwachukua wanaume kwa nguvu, vijiji kwa vijiji.

Ukienda Mombasa, tazama mizinga ya Fort Jesus. Mmoja ni wa Königsberg, meli ya Kijerumani iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ndege zikiwaelekeza Waingereza mahali pa kupiga. Wajerumani waliing'oa mizinga yake 10, wakaitia magurudumu. Nani aliyeikokota porini? Ni watu, kwa kamba.

Rekodi za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa.

Mwaka 2020 kampuni ya LEGO ya Denmark ilifuta mpango wa kuuza kifaa cha kujenga ndege ya Osprey, baada ya wapenda amani wa Ujerumani kulalamika kwamba ni ndege ya jeshi. Ubishi ulikuwa juu ya mashine. Mpagazi hana hata boksi la kubishaniwa. Mtoto akijenga vita vyake sakafuni, kuna dereva, kuna rubani, kuna askari. Hakuna mwenye mzigo kichwani.

Basi Idd hii, ukishamnunulia kifaru chake, mshike mkono mwende mjini, Kenyatta Avenue. Kuna sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928. Mmoja kati yao si askari, ni mpagazi. Mwonyeshe huyo, umwambie jina la Kariokor limetoka wapi. Huenda babu wa babu yake alikuwa mmoja wao.