Nani kapika? Historia fupi ya jina lililosafiri bila mmea

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, kuna walionitumia ujumbe kuuliza kama nimekamatwa na supu. Hapana jamani, nipo mzima. Nilibanwa na semina ya historia, na leo nimeamua nimwage hapa kile nilichowasilisha, maana pale darasani muda ulikatwa na watu walicheka zaidi ya kusikiliza.

Walicheka kwa sababu ya mada. Tuliambiwa kila mtu achague biashara moja iliyokua ndani ya miaka 30 iliyopita, aeleze imekuaje. Wenzangu wakachagua simu, wakachagua maua ya Kenya, wakachagua bodaboda. Mimi nikachagua maduka ya bangi ya Marekani. Mwalimu akanitazama juu ya miwani, akasema haya, tusikie. Kabla hamjaanza maneno: hapa kwetu bangi ni kosa la jinai, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 iko wazi, na mimi hata sigara sivuti. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: inakuwaje duka linauza bidhaa yenye jina lake, lakini aliyeitengeneza ni mtu mwingine kabisa? Sababu ya kuuliza ni ya kwangu mwenyewe, nitaisema mwishoni.

Tuanze na bibi mmoja wa San Francisco, Mary Rathbun, maarufu kama Brownie Mary. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipoanza kuua vijana wa mji ule, bibi huyu alikuwa akioka keki za chokoleti zenye bangi jikoni kwake na kuwagawia wagonjwa wasioweza kula kwa kichefuchefu. Alikamatwa 1981, akakamatwa tena 1992. Alikuwa pia mmoja wa sauti za kampeni iliyozaa kura ya Novemba 1996, pale California ilipokuwa jimbo la kwanza kuruhusu bangi kwa wagonjwa. Sasa angalia hapa: keki ya Brownie Mary ilipikwa na Mary. Ukiugua baada ya kuila, unajua mlango wa kugonga. Jina na mkono ni mtu yule yule.

Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Halafu ikaja sheria, na sheria ndiyo iliyochora umbo la biashara hii yote. Hapo ndipo penye utamu wa historia.

Serikali ya shirikisho ya Marekani iliibana bangi kwa kodi kuanzia 1937, na mwaka 1970 ikaiweka daraja la kwanza la dawa za kulevya, kundi moja na heroini. Majimbo yalipoanza kuruhusu, sheria ile ya Washington DC haikufutwa. Ikawa kila jimbo ni kisiwa. Bangi iliyolimwa Colorado ilipaswa kuishia Colorado, ikivuka mpaka ni kosa la shirikisho hata kama upande wa pili nao wameruhusu. Agosti 2013 wizara ya sheria ilitoa waraka kueleza mambo inayoyafuatilia, na moja lilikuwa hilo hilo: bangi isitoke jimbo linaloruhusu kwenda jingine.

Ndani ya visiwa nako kila mmoja alikuwa na akili yake. Colorado mwaka 2010 iliwaambia wenye maduka ya dawa ya bangi kwamba angalau asilimia 70 ya wanachouza lazima wailime wenyewe. Yaani ukitaka duka, kawe na shamba kwanza! Wapiga kura waliporuhusu matumizi ya watu wazima Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2014, mtindo ule uliendelea kwa muda, hadi Oktoba 2014 jimbo likaruhusu wenye maduka tu na wazalishaji tu wapate leseni mbalimbali. Jimbo la Washington, lililopiga kura siku ile ile ya 2012, lilikwenda njia ya kinyume kabisa: mwenye duka hakuruhusiwa kulima wala kusindika. Huko ulikuwa huna ujanja, kila kitu unachouza kimetengenezwa na mwingine.

Sasa fikiria wewe ni mwenye duka. Maua makavu ni rahisi kuuza, lakini wateja wanataka pipi laini za kutafuna, chokoleti, mafuta ya kupaka, vichupa vya mvuke. Ili utoe mafuta kwenye mmea unahitaji mitambo, wengine wanatumia gesi ya butani, ambayo chumba kisipojengwa inavyotakiwa kinalipuka. Unahitaji leseni ya usindikaji, wapishi, maabara ya kupima. Hizo ni pesa nyingi kabla hujauza hata pipi moja. Basi njia fupi ikawa hii: unamtafuta msindikaji mwenye leseni na mitambo tayari, mnakubaliana mapishi, kipimo na idadi kwa kila toleo, yeye anapika, wewe unabandika jina lako. Duka linakua na jina linakua bila kujenga kiwanda.

Kwa wenye majina makubwa njia hii ilikuwa ndiyo pekee ya kuvuka mipaka. Mfano mzuri ni Wana, iliyoanzishwa Boulder, Colorado, mwaka 2010 na mama anaitwa Nancy Whiteman. Pipi zake zilipopendwa hakuweza kupakia lori kupeleka Oregon au Nevada. Akapeleka vitu vilivyoruhusiwa kuvuka: mapishi, mafunzo, muundo wa pakiti, na viungo visivyo na bangi. Sukari na ladha havina tatizo mpakani. Kilevi chenyewe, THC, kilinunuliwa kule kule kwa mkulima wa pale, na kiwanda cha pale chenye leseni kikapika na kulipa ada kwa kutumia jina. Canada nako, baada ya vyakula vya bangi kuruhusiwa Oktoba 2019, pipi za Wana zilipikwa na kampuni nyingine kabisa, Indiva, ya London kule Ontario. Oktoba 2021 kampuni ya Canopy Growth ikakubali kulipa dola milioni 297.5 ili tu ipate haki ya kuja kuinunua Wana baadaye. Duh! Pesa zote zile, kwa biashara ambayo sehemu kubwa ya pipi zake zilitoka kwenye masufuria ya watu wengine.

Hapa mtu mmoja darasani akauliza, sasa hilo jina lina thamani gani? Nikamwambia angalia soda uliyoshika. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walipewa haki ya kujaza Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa mkataba wa dola 1. Tangu hapo mwenye jina ni mmoja na mwenye chupa ni mwingine. Ukiwa Moshi soda yako kaijaza Bonite, ukiwa Mwanza kaijaza Nyanza Bottling. Tunakunywa mtindo huu tangu utotoni, hatujawahi kushtuka. Tofauti ni kwamba Coca-Cola waliweza kusafirisha kile kiini chao chenye siri popote walipotaka. Wenye majina ya bangi walikatazwa kusafirisha hicho hicho kiini. Wao walikuwa na jina, karatasi na uaminifu.

Na hata jina lenyewe lilikuwa na shida yake. Ofisi ya shirikisho ya alama za biashara ilikataa kusajili jina kwa bidhaa iliyoharamishwa na shirikisho. Ndiyo maana wengine waliuza nguo kwanza. Cookies, ya yule rapa wa San Francisco anayeitwa Berner, ilijulikana kwa kofia na masweta pamoja na mbegu za mmea, halafu maduka yakafuata na jina likaenea jimbo hadi jimbo kwa njia ya washirika wenye leseni zao. Kofia inasajiliwa, bangi haisajiliwi.

Mpaka hapo ilionekana ni hadithi tamu ya wajasiriamali. Lakini mwalimu wetu hupenda kusema, mkiandika historia ya biashara msiishie kwenye faida, muulizeni aliyeumia. Nikauliza.

Kwanza ni kipimo. Mwaka 2014, mwaka ule wa kwanza wa Colorado, watu walikula vyakula vya bangi wakidhani ni biskuti za kawaida. Ukila, inachukua muda mrefu kuanza kufanya kazi, mtu anaona mbona kimya, anaongeza kipande kingine, halafu vyote vinampanda kwa pamoja. Machi mwaka ule kijana mmoja alifariki Denver baada ya kula biskuti ya namna hiyo kupita kiasi alichoelekezwa. Sheria zikabanwa: sehemu moja ya kula isizidi miligramu 10 za THC, na kuanzia Oktoba 2016 alama maalumu ikapigwa kwenye pipi yenyewe, siyo kwenye pakiti tu. Maana pakiti hutupwa.

Pili, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi, ni mwaka 2019. Watu, wengi wao vijana, walianza kulazwa hospitali za Marekani mapafu yakiwa yameungua baada ya kuvuta vichupa vya mvuke. Kufikia Februari 2020 kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikuwa kimehesabu waliolazwa au kufariki 2,807, na kati yao waliofariki walikuwa 68. Mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya asetati ya vitamini E, yaliyochanganywa ili kuongeza ujazo. Na jina lililotajwa zaidi na wagonjwa lilikuwa Dank Vapes.

Wachunguzi wakamtafuta mwenye Dank Vapes. Hakuwepo. Hapakuwa na kiwanda wala kampuni. Palikuwa na maboksi matupu mazuri yenye jina hilo, yakiuzwa mtandaoni kwa yeyote, naye anajaza anachotaka jikoni kwake na kuuza mtaani. Jina lilikuwa kubwa kuliko makampuni mengi yenye leseni, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Ukiweka Wana na Dank Vapes mezani, vyote ni pakiti yenye jina, na anayepika ni mtu usiyemwona. Kilichotofautisha ni karatasi. Upande wenye leseni, Colorado ilitaka pakiti ionyeshe namba za leseni za aliyelima na aliyesindika. Canada ilitaka jina na mawasiliano ya mwenye leseni aliyetengeneza. Kila toleo lina namba na majibu ya maabara, likiharibika linarudishwa. Hoja yangu ya semina ikawa hiyo: biashara hii ilikua kwa kutenganisha jina na mkono, na usalama wake ulitegemea kama kuna karatasi inayoviunganisha tena.

Sasa kwa nini nilichagua mada hii.

Wanaonijua wanakumbuka mwaka wa 2 mimi na rumeti wangu tulikuwa tunauza sabuni ya maji hapa hosteli. Tuliwaambia tunatengeneza wenyewe. Si kweli. Kulikuwa na fundi mmoja mtaani, tunamletea madumu, anajaza, sisi tunabandika lebo tuliyochapisha stesheneri. Biashara ilienda vizuri, bumu likichelewa sisi hatuna wasiwasi. Tukafika hadi kwa mama ntilie mmoja anayetulisha wanafunzi wengi, akawa anachukua dumu zima kila wiki.

Siku moja akatuita. Mikono yake ilikuwa imebabuka, ngozi inatoka kama karatasi. Fundi alizidisha asidi kwenye dumu moja. Dumu lipi, siku gani, nani mwingine kauziwa humo? Hatukujua. Hatukuwa na daftari. Nikaanza kujitetea, nikamwambia, "Mama, kusema ukweli sisi hatutengenezi, kuna fundi."

Akanitazama, akasema, "Mwanangu, fundi mimi simjui. Nawajua nyinyi."

Alikaa siku tano bila kupika. Tulimlipa siku mbili tu, pesa zikaisha, na fundi alipoulizwa akasema sabuni yake haina tatizo, labda sisi tumeongeza kitu. Kwa nini asiseme hivyo? Lebo ilikuwa ya kwetu.

Nimeyasema haya kwa sababu rumeti anataka turudi kwenye sabuni bumu likiingia. Nimemwambia sikatai. Kutengenezewa siyo dhambi. Lakini kila dumu liwe na namba na tarehe, jina la aliyepika liwe kwenye lebo pamoja na letu, na dumu moja la kila mkupuo tulijaribu sisi wenyewe kwa kufulia kabla ya kuuza. Rumeti anasema hayo mambo ya viwanda, tutapoteza faida. Tumebishana hadi saa 7 usiku, muafaka bado.

Na kuna deni. Siku tatu za mama bado hazijalipwa, na huwa napita njia ya nyuma ya maktaba nisikutane naye. Hilo sikulisema kwenye semina. Bumu likitoka, naanzia kwake kabla ya kununua hata dumu moja.

Semina nimepata 14 kwa 20, mwalimu kasema hitimisho lilikuwa fupi. Ni kweli, hitimisho lenyewe ndilo hili mlilosoma.

Haya, ni hayo kwa leo. Kesho nina kipindi saa 1 asubuhi na andalio la somo sijagusa. Wenye uzoefu wa biashara ya kutengenezewa nipeni ushauri: mlifanyaje? Alamsiki.