Taa za Safari Rally hazikuwa "orijino"

Wacha nianze na maneno yatakayonikosanisha na wazee wa magari ya zamani. Ukifufua gari ya 1971 na uache stima ya taa za mbele ipite palepale ilipopita ikitoka kiwandani, hujaheshimu historia. Umeisoma nusu tu.

Najua vile hiyo inasikika. Anko yangu ana gari ya miaka ya sabini ambayo amekuwa akiifufua pole pole tangu nikiwa shule ya msingi. Sheria yake ni moja: kila kitu kibaki vile kilitengenezwa. Juzi akaita fundi wa waya aangalie taa. Fundi akawasha injini na taa, akaziacha kama dakika kumi, halafu akasema, "Mzee, hebu shika hapa." Anko akashika swichi ya taa iliyo kando ya usukani. Akatoa mkono haraka. Ilikuwa moto.

Fundi akatoa mita. Kwenye betri, volti 13.5. Kwenye globu, volti 12. Volti moja na nusu zilikuwa zimepotelea njiani na kugeuka joto. Anko akasema, "Si zinawaka?" Wakaanza kubishana, mimi nikaenda kusoma.

Swali langu lilikuwa rahisi: kwani nani aliamua stima ya taa ipitie kwenye swichi?

Turudi nyuma kidogo. Magari ya kwanza hayakuwa na taa za stima kabisa. Mengi yalitumia gesi ya asetilini, inayotokana na kabaidi na maji. Mwaka wa 1912 Cadillac kule Marekani ikaleta gari yenye stata ya umeme na taa za umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake. Taa za wakati huo zilikuwa dhaifu, kwa hivyo mpango ukawa rahisi: waya kutoka kwa betri, kuingia kwenye swichi mbele ya dereva, kurudi mbele mpaka kwa globu. Stima yote ya taa ilipita kwenye kidole cha dereva, ukitaka kusema hivyo.

Shida ni kwamba taa ziliendelea kuwa kali, lakini njia ikabaki ileile. Piga hesabu. Globu mbili za wati 60 kila moja ni wati 120. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 10. Hizo ampea 10 zinapita kwenye waya mwembamba, kwenye viungo vyenye kutu, na kwenye vidude vidogo vya shaba ndani ya swichi yenye umri wa miaka hamsini. Na globu hizi hazisamehe: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa gari ya anko, karibu theluthi ya mwanga ilikuwa inapotea, na hakuna aliyejua kwa sababu taa "zinawaka".

Sasa ile nusu ya historia ambayo haisomwi.

Safari Rally ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu waliendesha mchana na usiku, kwenye vumbi na matope. Mwaka wa 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda na VW Beetle. Mwaka wa 1962 Tommy Fjastad akashinda tena na Volkswagen. Kumbuka Beetle za wakati huo zilikuwa za volti 6. Wati zilezile kwa volti nusu maana yake ni ampea mara mbili, kwa hivyo kila kiungo kibovu kilikula mwanga mwingi zaidi. Hao jamaa walikuwa wanaona nini usiku, sijui, lakini heshima kwao.

Halafu ikaja Datsun 240Z. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo, na Shekhar Mehta akamaliza wa pili na nyingine kama hiyo. Mwaka wa 1973 Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, akashinda baada ya kufungana pointi na Harry Källström. Hiyo ndiyo gari ambayo wengi wa rika langu wanaiweka kwenye skrini ya simu. Ile iliyoshinda 1971 bado imehifadhiwa na Nissan kule Japani.

Lakini 240Z iliyouzwa dukani ilikuwa na ugonjwa uleule wa anko. Stima ya taa za mbele ilipita kwenye kisanduku kidogo cha fyuzi na kwenye swichi ya usukani. Leo wanaofufua 240Z duniani kote wanajua kuangalia sehemu hizo mbili kwanza, kwa sababu ndizo huyeyuka.

Sasa angalia picha ya 240Z ya Safari. Mbele ina taa za ziada, kubwa kubwa. Huwezi kupitisha stima ya taa zote hizo kwenye swichi ile ndogo. Taa kama hizo hupewa njia yao: waya mnene kutoka kwa betri, fyuzi yake, na rilei. Gari tunayoiabudu haikushinda ikiwa vile ilitoka dukani. Ilishinda kwa sababu mafundi waliibadilisha ili dereva aone.

Rilei nayo si kitu cha majuzi. Ilitokana na kazi ya Joseph Henry, Mmarekani, miaka ya 1830, na ikatumika kwenye telegrafu. Ujumbe ukisafiri mbali kwenye waya, stima inachoka. Rilei inapokea stima hiyo iliyochoka na kuitumia kufungua stima mpya kutoka betri nyingine. Ni mbio za kupokezana vijiti. Hata jina lake linatokana na farasi wapya waliokuwa wakibadilishwa njiani.

Kwenye gari ni vivyo hivyo. Rilei nyingi zina namba chini: 85 na 86 ni za stima ndogo inayotoka kwa swichi, chini ya robo ampea. 30 inatoka kwa betri kupitia fyuzi. 87 inaenda kwa globu. Unaweka mbili, moja ya dim na nyingine ya ful. Swichi ya zamani inabaki ikifanya kazi, ila sasa inatoa amri tu, haibebi mzigo.

Na usiruke hii hatua ukanunue globu za wati 100 pale Kirinyaga Road eti ndio upate mwanga. Mbili ni zaidi ya ampea 16 kwenye waya uleule. Hiyo ni kuwasha jiko ndani ya dashibodi.

Nasema haya kwa sababu rika letu limeanza kununua haya magari, na hatuyafungii gereji. Tunayaendesha Naivasha usiku. Mtu anayevuka barabara na koti jeusi hajali kama swichi yako ni orijino. Anataka umwone. Na taa zikizima ghafla kwenye kona ya mteremko, cheti cha gari bora ya maonyesho hakitakusaidia.

Wazee wana hoja moja ambayo naikubali: ukikata waya za kiwanda, umefuta kitu ambacho hakirudi. Kwa hivyo usikate. Njia mpya inaweza kuchomekwa kwenye soketi ileile ya globu, na siku ukitaka kuitoa, unachomoa.

Fundi alimweleza anko hivyo hivyo. Mzee akakaa kimya, akaangalia gari yake, akaangalia mkono wake.

"Fundi," akasema, "waya za kiwanda usiguse hata moja."

"Sawa, mzee."

"Hizo rilei ni pesa ngapi?"