Jicho la Fundi wa Kuchomelea

Watu wakisikia roboti inachomelea vyuma, hudhani kazi ilikuwa kuunda mkono. Wapi! Mkono ulipatikana mapema. Kilichosumbua ni jicho.

Mwaka 1885 Nikolai Benardos na Stanisław Olszewski walipata hataza Uingereza ya kuunganisha vyuma kwa moto wa umeme unaoruka kutoka ncha ya kaboni. Fundi wa moto huo ni mtu wa kutazama. Nyuma ya kioo cheusi anafuata kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Kikitanuka mno, anaharakisha mkono kabla chuma hakijatoboka. Kikisinyaa, anapunguza mwendo ili moto ushike. Kutazama na kurekebisha papo hapo, wahandisi wanakuita udhibiti wa mrejesho. Fundi anakuita kazi.

Mwaka 1974, kule Japani, Kawasaki walianza kuchomelea fremu za pikipiki kwa roboti. Haikuchoka, ila ilikuwa kipofu. Ilipita njia ile ile iliyofundishwa, hata kama chuma kimejipinda kwa joto na kiungo kimehama. Moto ukapiga pembeni.

Basi si wafunge kamera? Ngoja kwanza. Mwanga unaoumiza macho ya mtu huipofusha na kamera. Ujanja mmoja ukawa kutupa mstari wa leza mbele ya moto, na kuweka kichujio kinachopitisha rangi ya leza tu. Mstari ukipinda au ukikatika, kompyuta inajua kiungo kilipo. Ujanja mwingine ulifanyiwa kazi miaka ya 1980 huko Ohio State, Marekani: kamera itazame kupitia ndani ya kichwa cha kuchomelea chenyewe. Sindano ya tungsteni inayotoa moto ndiyo ikaikinga kamera na ule mwanga mkali. Sasa kidimbwi kikaonekana, upana wake ukapimwa, na umeme ukapunguzwa au kuongezwa.

Lakini upana gani ndio mzuri? Mashine haijui. Lazima kwanza mtu achomelee, akate kiungo, aone moto umezama kiasi gani. Ndipo namba iingie kwenye programu.

Ndugu msomaji, hataza zina majina ya wenyewe. Mafundi ambao macho yao yalikuwa kipimo, majina yao huyakuti humo, na roboti ikishaelewa, wao ndio wa kwanza kuulizwa kama bado wanahitajika. Sisi tunaojifunza kuandika tuanzie hapo: tukakae na fundi wa mageti, tumuulize anaona nini nyuma ya kile kioo, tuyaandike na jina lake.