Elimu ya Juu Gerezani: Haki ya Mfungwa au Fadhila ya Wenye Huruma?

Mahakama inapomhukumu mtu kifungo, kinachoondolewa kwake ni uhuru wa kwenda na kuishi atakapo. Haki zake nyingine hubaki, isipokuwa zile zisizoweza kutumika ndani ya kuta za gereza. Msimamo huu, unaoweza kuitwa nadharia ya haki zinazosalia, si mgeni barani Afrika. Ulijitokeza katika shauri la Whittaker dhidi ya Roos lililoamuliwa Afrika Kusini mwaka 1912, na karibu karne moja baadaye ukaandikwa waziwazi katika ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayomhifadhia aliyefungwa haki zote zilizomo katika Sheria ya Haki, ila pale ambapo haki fulani ni dhahiri haipatani na hali ya kufungwa kwake. Kwa kuwa ibara ya 43 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya elimu, swali linalobaki ni finyu: je, kusomea shahada hakupatani na kufungwa? Makala haya yanashikilia kwamba kunapatana, na kwamba udhaifu ulipo umo katika utekelezaji, ambao mara nyingi umeigeuza haki hiyo kuwa fadhila.

Tofauti kati ya haki na fadhila ina uzito kwa sababu anayetoa fadhila huweza kuitwaa bila kutoa maelezo. Kisiwa cha Robben kinatoa ushahidi ulio wazi. Wafungwa wa kisiasa waliokuwa huko waliruhusiwa kusoma kwa njia ya posta, hasa kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, lakini kanuni za magereza ziliitaja ruhusa hiyo kuwa fadhila, na hivyo ikawa fimbo ya nidhamu. Mwaka 1977, baada ya askari kuufukua mswada wa wasifu wa Nelson Mandela uliokuwa umefichwa ardhini, Mandela, Walter Sisulu na Ahmed Kathrada walinyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Kosa lao halikuhusu masomo waliyosajiliwa, wala hakuna mahakama iliyopima iwapo adhabu hiyo ililingana nalo. Mandela alikamilisha shahada ya sheria mwaka 1989, angali kifungoni, na miaka iliyopotea kati ya hatua hizo haikupotezwa na hukumu ya hakimu yeyote.

Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana zaidi ni ule wa magereza ya Kamiti na Lang'ata nchini Kenya na Luzira nchini Uganda, ambako wafungwa, na pamoja nao askari magereza, wamesomea sheria katika Chuo Kikuu cha London kwa elimu ya masafa, yaani masomo ambayo mwanafunzi huyafuata bila kuhudhuria chuoni. Mpango huo umeendeshwa na shirika lililoanzishwa na Mwingereza Alexander McLean, ambalo leo linaitwa Justice Defenders. Miongoni mwa waliofaidika ni Susan Kigula, aliyesoma sheria akiwa Luzira. Ni rahisi kudhani kwamba shauri linalobeba jina lake, ambalo Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua mwaka 2009 kwa kuifuta adhabu ya kifo ya lazima, lilikuwa tunda la masomo hayo. Kwa kweli lilifunguliwa mapema zaidi na kuendeshwa na mawakili. Masomo yalizaa jambo lisilovuma vile lakini lenye manufaa ya kila siku, nalo ni wafungwa kuwasaidia wenzao wasio na wakili kuandaa rufaa na maombi ya dhamana.

Pamoja na sifa hizo, mpango huo unaonyesha pia udhaifu wa mfumo. Mfungwa wa Kamiti anaposoma kwa sababu shirika limepata wafadhili, na mwenzake wa gereza la mbali asisome kwa sababu halijafika huko, haki ya kikatiba imekuwa suala la bahati. Fadhila ya mkuu wa gereza imebadilishwa na fadhila ya mfadhili.

Hali haikuwa tofauti Marekani, ambako ruzuku za Pell, yaani fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ziliondolewa kwa wafungwa na sheria ya mwaka 1994 na kurudishwa kikamilifu Julai 2023. Waliotetea kurudishwa kwake walitegemea sana tafiti kama ule wa taasisi ya RAND wa mwaka 2013, ulioonyesha kwamba uwezekano wa kurudia uhalifu ulikuwa chini kwa asilimia 43 kwa wafungwa walioshiriki elimu. Takwimu hiyo ni ya thamani, lakini kuifanya msingi wa hoja yote ni hatari, kwani haki inayotegemea faida ya jamii humwacha nje mfungwa wa maisha, ambaye huenda asirudi uraiani kamwe. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazojulikana kama Kanuni za Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, hazikuweka sharti hilo: kanuni ya 104 inataka elimu ya kujiendeleza iandaliwe kwa wafungwa wote wanaoweza kunufaika nayo.

Mapambano ya kisheria ya miaka ya karibuni yamehusu kompyuta kuliko vitabu, na hapa ndipo hoja ya usalama inapostahili kuchunguzwa. Hakuna ubishi kwamba intaneti isiyo na usimamizi inaweza kutumika kutisha mashahidi au kuendesha utapeli. Hata hivyo, mahakama hudai uwiano, yaani kizuizi kisizidi kile kinachohitajika kuzuia madhara yenyewe. Katika shauri la Arslan na Bingöl dhidi ya Uturuki la mwaka 2019, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba haki ya elimu ilivunjwa wafungwa hao waliponyimwa kompyuta na intaneti kwa masomo yao ya juu, ilhali sheria ya nchi yenyewe iliruhusu matumizi hayo chini ya usimamizi. Mahakama hiyo haikusema kwamba dola inalazimika kuanzisha masomo pale yasipokuwapo. Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilikwenda mbali kiasi mwaka 2023, ilipoamua kwamba sera iliyowakataza wanafunzi waliofungwa kutumia kompyuta zao binafsi selini ilivunja haki yao ya kikatiba ya kujiendeleza kielimu.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa raia, wala si kwa majaji. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe alipiwe karo huuliza kwa nini aliyeiba au kuua asomeshwe bure, na jamaa wa aliyedhulumiwa huuliza swali hilo kwa uchungu zaidi. Kulipuuza ni kukosa adabu ya kitaaluma. Jibu lake ni kutenganisha madai mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Dai la kwanza, la kutozuiwa kusoma pale ambapo chuo kimempokea mfungwa na karo imepatikana, halimgharimu mzazi huyo chochote cha maana, na dola haina sababu ya kulikataa. Dai la pili, la kugharimiwa, ni la kutekelezwa hatua kwa hatua kadiri ya uwezo wa nchi, kama ilivyo kwa mwanafunzi maskini wa nje. Lakini ikumbukwe kwamba mfungwa hawezi kutoka kutafuta kibarua, kwa hiyo kumtenga na mikopo ya elimu ya juu kwa sababu tu ya kifungo ni kumwongezea adhabu ambayo hakimu hakuitamka.

Kwa hiyo kanuni za magereza nchini Kenya na kwa majirani zake zinapaswa kutamka mambo ambayo leo huachiwa busara ya ofisa: ombi la kusoma likikataliwa, sababu zitolewe kwa maandishi na ziweze kukatiwa rufaa, masomo yasiondolewe kama adhabu ya kosa la nidhamu lisilohusiana nayo, mwanafunzi asihamishiwe gereza jingine msimu wa mitihani pasipo dharura, na kila gereza kuu liwe na chumba cha kompyuta chenye usimamizi. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru mwaka 2014 kwa kuitii ibara ya 51, na madhumuni ya sheria hiyo hayatakuwa yametimizwa maadamu mfungwa aliyekubaliwa na chuo bado anahitaji huruma ya mtu ili afungue kitabu.